Mistari ya Kushika Oili

Fransiska hakupenda uchafu. Uwanja wake aliufagia kabla jogoo hajamaliza kuwika. Hata mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama, kijijini karibu na Laela, aliing'arisha kama kikombe cha misa.

Lakini tangu afungue injini na kuisafisha, ilikuwa imekwama mara mbili. Alhamisi ikakwama mara ya tatu, ndoo za mahindi zikiwa zimepangwa hadi nje.

"Tukiuze chuma hiki," alisema Edith, mwenyekiti. "Mnunuzi anakuja Jumamosi. Tutarudi kubeba mizigo kichwani hadi Laela."

"Haiuzwi!" alijibu Fransiska. Akapanda basi kwenda Sumbawanga. Kesho yake alirudi na Hasna, fundi wa Katandala.

Hasna akafungua injini. Akapitisha kidole ndani ya silinda, mle pistoni inamopanda na kushuka.

"Mama, nani alisugua humu?"

"Mimi, mwanangu. Nilisugua kwa msasa laini siku mbili, hadi nikaona meno yangu."

Edith akacheka. "Kumbe ulikuwa unatengeneza kioo!"

Hasna hakucheka. "Mvua ikinyesha kwenye uwanja wako uliofagiliwa, maji huenda wapi?"

"Hukimbilia bondeni."

"Na kwenye shamba la matuta?"

"Hubaki kati ya..." Fransiska akaichungulia silinda. "Ee! Nimefukuza oili mwenyewe!"

"Ndiyo. Oili inataka vijistari vyembamba vya kuishika. Ukuta ukiwa kioo, pistoni huifagia yote. Chuma husugua chuma, hupata moto, hukwama."

"Basi nilete msasa mkali niukwaruze!"

"Thubutu! Mikwaruzo mikubwa hula ringi, zile pete za pistoni. Tumia jiwe hili la silinda. Lizungushe huku ukilipandisha na kulishusha."

Fransiska alikunja mikono ya gauni. Alisugua hadi mistari ikapishana kama ukili wa mkeka. Akaosha kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe alichofutia kikatoka cheupe. Akapaka oili. Safari hii haikukimbia. Hasna akafunga ringi mpya.

Jumamosi mnunuzi alifika. Injini ilikuwa ikinguruma tangu alfajiri. Fransiska alikuwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope.

"Iko wapi mashine inayouzwa?" mnunuzi alipaza sauti.

Edith alishusha ndoo yake mbele ya mashine.

"Haiuzwi! Kama una mahindi, foleni inaanzia kule."