Mashine Haili Mashudu

Kila asubuhi Mektrida alimkatia ng'ombe wake mgomba. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, pale kihambani, shamba la nyumbani kwake Machame. Kiangazi hicho cha 1993 ng'ombe huyo alitoa kikombe kimoja tu cha maziwa kwa siku.

"Tumuuze," alisema mumewe, Aminieli. "Anakula bure."

"Na Gladness anywe nini? Chai ya rangi?"

Gladness, binti yao mdogo, alikuwa amekonda.

Siku hiyo Mektrida alipeleka alizeti ya shamba la tambarare kwenye mashine ya kukamua mafuta, kule Shirimatunda. Alichukua mafuta. Mashudu, yaani makapi yaliyobaki, aliyaacha kama wanawake wote. Mwenye mashine aliyaita takataka.

Nje alikutana na Tabitha, bibi shamba aliyewashauri wakulima.

"Shikamoo, mama. Mbona hujabeba mashudu?"

"Marahaba. Takataka zile za nini?"

"Takataka! Mwenye mashine anawauzia wafugaji wa mjini. Ng'ombe wao wanajaza ndoo, wako anatafuna mgomba!"

Mektrida alitua dumu la mafuta. Tabitha aliendelea kwa hasira.

"Alizeti ilitoka Amerika, mama. Wenyeji wa kule waliilima tangu kale. Mbegu walizisaga unga na kuzikamua mafuta, mabua wakajengea. Hawakutupa kitu. Sisi tunadanganywa tutupe chakula!"

"Miaka minne nimelisha ng'ombe wa watu," Mektrida alisema polepole, "na mwanangu anakonda?"

Akarudi ndani.

"Naomba mashudu yangu."

Mwenye mashine alicheka. "Mashudu ni ya mashine, mama. Ndiyo desturi."

"Mashine inakula?" Mektrida aliketi juu ya gunia. "Basi ipige miayo niione. Nitaiachia."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Kisha mmoja akasema, "Na mimi sitaacha yangu." Wengine wakaitikia. Mwenye mashine alitazama foleni ndefu. Akasogea pembeni, Mektrida akazoa mashudu yake.

"Changanya kopo moja la mashudu na makopo mawili ya pumba," Tabitha alimweleza njiani. "Anza kidogo kidogo. Yahifadhi pakavu. Yakiota ukungu, usimpe."

Baada ya wiki tatu, Aminieli alikuwa akikamua. Maziwa yalifika ukingoni mwa ndoo.

"Mama Gladness! Lete ndoo nyingine!"

"Ya nini? Si ulisema tumuuze?"

"Nani alisema?" Aminieli aliuliza, bila kuinua kichwa.

Gladness alishafika na kikombe chake.