Uji Usioiva

Mtafiti alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya maabara, miwani bado usoni. Hakuwa na jeraha. Mpira wa gesi ya nitrojeni ulikuwa umechomolewa kwenye chupa ya kupikia, na dirisha lilikuwa limefungwa.

"Kajimaliza," daktari wa polisi alinong'ona. "Gesi hii haina harufu. Inafukuza hewa, mtu anazimika tu."

Inspekta, ambaye wenzake walimwita Pua, hakushawishika. Roho haikumtulia. Koridoni mjane wa mtafiti alikuwa amemng'ang'ania mkono. "Afande, niambie ukweli. Alijiua? Nilimkosea nini?"

Pua alimwita mdogo wa kiume wa yule mjane, aliyefanya kazi na marehemu.

"Mlikuwa mnapika nini?"

"Uji." Alijaribu kutabasamu. "Ndivyo tunavyouita. Maji, sabuni, mafuta ya plastiki, na udongo laini kuliko vumbi. Unakoroga kwenye moto, mafuta yanageuka chembe za plastiki, udongo ukiwa ndani yake."

"Na gesi?"

"Inafukuza hewa chupani. Hewa ikiingia mapema, uji hauivi ng'o."

"Ulimwachaje shemeji yako?"

"Mzima. Uji ulishaiva, nikaaga. Mpira atakuwa ameuchomoa mwenyewe baadaye. Siku hizi alikuwa na mawazo mengi."

Pua aliinamia chupa, akanusa. Harufu kali ilimpanda kichwani. Mafuta yalielea juu, udongo umetuama chini.

"Huu mbichi."

Kijana aliichungulia chupa.

"Uliiva ukiwepo, halafu ukarudi ubichi?"

"Afande..."

"Nani alichomoa mpira?"

Kijana alishika ukingo wa meza. "Matokeo ya jaribio la kwanza niliyapika mimi, yalikuwa ya uongo. Udongo haukuwahi kuingia ndani ya chembe. Shemeji akashtuka, akataka turudie. Alipotoka kunawa, nikachomoa mpira ili uji uharibike, nikafunga mlango, nikaenda zangu. Sikujua angerudi kukaa humo kuusubiri. Nilitaka kuharibu uji, afande, siyo mtu!"

"Ulipomkuta amekufa, ulijua kilichomuua?"

"Nilijua."

"Dada yako alipouliza kama alijiua?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Nilimwambia huenda."

Mlango ulikuwa wazi. Mjane alikuwa amesimama hapo muda wote, kiganja mdomoni. Mdogo wake alimwona, akaita, "Dada!" Mjane hakumtazama hata kidogo.

"Kumbe hakuniacha," alisema, akakaa sakafuni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akalia.