Mazuku si Mizuka

Kila asubuhi Mukarugwiza hufungua dirisha, huvuta cherehani yake mahali penye mwanga, halafu hutazama ukuta. Si ukuta wa kujivunia. Ni mawe meusi ya volkano yaliyopangwa bila saruji, kama kuta zote za mtaa wake, hapo mjini Gisenyi, mpakani, kwenye njia ya kwenda Rubona. Katikati ya ukuta kuna tundu. Sahani moja inapita bila shida.

Zamani sahani zilipita kweli. Upande wa pili aliishi Kaltumu.

"Mama Belise! Uko na moto?" Kaltumu aliita.

"Ninao! Wewe una nini?"

"Niko na sambaza!"

Basi kaa la moto likaenda kule, na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakaja huku. Nani alimlisha nani? Hata wao wenyewe hawakujua.

Siku hizi upande wa pili kuna wapangaji wengine. Ni watu wazuri, wana jiko lao la gesi, hawaombi moto. Tundu limebaki na buibui wake. Na kwa miaka mingi Mukarugwiza hakula sambaza. Si kwamba hawapendi. Anawapenda mno, na hapo ndipo penye tabu.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyoharibika.

Mukarugwiza na mume wake Karenzi walikulia Tanzania, kule Karagwe. Kaltumu alikulia Goma, ng'ambo ya mpaka. Wote walisema Kiswahili, lakini kila mtu na chake, na kuchekana kulikuwa mchezo wao.

"Eti 'mutu'!" Karenzi alimtania. "Hiyo 'u' umeiokota wapi?"

"Na weye unasema 'mtu' sawa mwenye kumeza nzi!" Kaltumu alijibu, na wote watatu wakacheka.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bonde dogo, kama shimo pana lenye nyasi. Nyasi zake zilikuwa nzuri. Jioni moja Kaltumu alimwona Karenzi akimfunga mbuzi huko chini.

"Baba Belise, usifunge mbuzi mu shimo," alisema. "Kule iko mazuku."

Karenzi akaangua kicheko. Katika Kiswahili alichokulia, mzuka ni pepo, kitu kinachomtokea mtu ghafla na kumtisha. Wakiwa wengi, ni mizuka. Alisikia "mazuku", akaelewa "mizuka".

"Mimi ni mwimbaji wa kwaya, Kaltumu," alisema. "Mizuka ikinitokea, nitaiimbia mpaka ikimbie!"

Kaltumu naye alicheka. Alidhani ameeleweka. Ole wao! Walikuwa wakicheka vitu viwili tofauti.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, mbuzi alikuwa amelala bila kutikisika. Karenzi alishuka. Aliinama kufungua kamba, akapiga magoti, kisha akalala kando ya mbuzi. Hakupiga hata ukelele.

Mukarugwiza aliona toka mlangoni. Alitoka mbio. Alipofika ukingoni, mkono ulimkamata kitenge kwa nyuma. Alikuwa Kaltumu. Alikuwa ameruka ukuta.

"Usishuke!" Kaltumu alilia. "Mutakufa bote! Usishuke!"

"Niache! Mume wangu!"

Mukarugwiza alimkwaruza, alimuuma mkono. Kaltumu hakuachia. Kitenge kikachanika, wakaanguka wote wawili. Watu walikuja na kamba na kulabu ndefu, wakamvuta Karenzi toka juu. Alikuwa ameshakufa.

Msibani, mbele ya watu wote, Mukarugwiza alimnyooshea Kaltumu kidole.

"Jioni ulilitaja lile jina, asubuhi likamjia. Halafu ukanishika nisimwokoe. Mchawi ni wewe!"

Kaltumu alifungua kinywa. Vilio vya waombolezaji vikaifunika sauti yake. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja. Baada ya muda mfupi alihamia Rubona, karibu na bandari, na hakupita tena njia ile.

Miaka ikaenda. Belise, binti yao, akakua. Mtu akisema neno "mazuku" katika nyumba ile, Mukarugwiza aliinuka na kutoka. Basi watu wakaacha kulisema. Ndivyo alivyoishi, jirani na shimo, bila kujua jina lake ni la nini.

Alimkumbuka mume wake, na hilo halina aibu. Jambo lililomtia aibu ni kwamba alimkumbuka na Kaltumu. Mara nyingine, akiwa kwenye cherehani, aliwaza jambo la kuchekesha na kugeuka kuelekea ukutani ili amwambie. Kisha alikumbuka, akarudi kwenye kazi yake. Na kile kitenge kilichochanika alikikunja, akakiweka chini ya sanduku. Fundi mzima wa nguo, asikishone! Hakukishona wala hakukitupa.

Mwaka huu mbuzi mwingine alikata kamba, akafia shimoni. Hakuwa na jeraha, wala povu mdomoni. Mukarugwiza alimtazama toka juu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu walikaa kwenye mkutano. Msichana mmoja alisimama. Aliitwa Umutesi. Alifanya kazi katika jumba la sayansi la mjini, lile ambalo wageni hawaambiwi "usiguse".

"Jumba letu limetimiza miaka kumi," alisema. "Miaka yote tumewangoja ninyi mje. Wengi hamkuja."

"Tunaogopa kuvunja vitu!" mzee mmoja alisema, na watu wakacheka.

"Ndiyo maana mwaka huu tumekuja sisi. Sherehe yetu haitaki keki. Inataka maswali yenu. Swali litakaloletwa litatengenezewa meza yake, mje mlishike kwa mikono."

Hapo Mukarugwiza, ambaye hata yeye hakujua kama atasema, alisimama.

"Kwa nini mbuzi wangu wanafia shimoni bila jeraha?"

"Mazuku hiyo!" mtu alipaza sauti.

"Usilitaje hilo jina!" Mukarugwiza alifoka.

Umutesi hakubishana naye. Alimsogelea, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mubyeyi," alisema, kama wanavyoitwa wazazi kwa heshima, "swali lako ni la kwanza. Njoo Jumatatu. Hutaambiwa na mimi. Utajionea mwenyewe."

Jumatatu Belise alimpeleka mama yake. Juu ya mlango wa jumba kulikuwa na maandishi makubwa: GUSA UONE.

Mukarugwiza alisimama.

"Hili ni tishio," alisema. "Mimi nikimwambia mtoto 'gusa uone', anajua atapigwa."

"Hapa hupigwi, Mama. Ingia."

Ndani watu walikuwa wakizungusha magurudumu na kuvuta kamba. Mwanamke mmoja, mtu mzima kabisa, alikuwa akipuliza mapovu. Mukarugwiza alikaza kitenge chake, akapita bila kuangalia pembeni.

Mezani kulikuwa na sanduku la kioo lisilo na kifuniko. Ndani yake mlikuwa na ngazi ndogo, na mishumaa mitatu inawaka: mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu. Kando kulikuwa na jagi kubwa. Umutesi alitia magadi katika jagi, kisha akaongeza siki kidogo. Povu likachemka, likatulia.

"Shika jagi, mubyeyi. Liinamishe taratibu juu ya sanduku. Maji yasitoke."

"Kama maji hayatoki, namimina nini?"

"Mimina tu."

Mukarugwiza aliinamisha jagi. Hakuona kitu chochote kikitoka. Hakusikia harufu isipokuwa ya siki. Lakini mshumaa wa chini ukazimika. Halafu ukazimika wa katikati. Wa juu uliendelea kuwaka.

Alirudi nyuma hatua moja.

"Nani ameizima?"

"Wewe. Umemimina hewa ukaa. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Inateremka kama maji na kukaa mahali pa chini. Moto ukikosa hewa safi, unazimika. Na mtu?"

Mukarugwiza alitazama mishumaa iliyozimika.

"Ardhi yetu ni ya volkano," Umutesi aliendelea. "Hewa hiyo inatoka chini kwenye nyufa, inajaa mashimoni. Ni mbaya zaidi asubuhi, upepo ukiwa haujavuma na jua halijapanda. Mbuzi anakufa kwanza kwa sababu kichwa chake kiko chini. Mtu aliyesimama anaweza asijue. Akiinama tu, kwisha. Hiyo ndiyo watu wa Goma na wa hapa wanaita mazuku."

"Mazuku," Mukarugwiza alirudia polepole. Ni mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake. "Si mizuka?"

"Mizuka ni nini?"

"Mapepo. Sisi tuliotoka Tanzania tunasema mizuka."

"Aa! Hapana, mubyeyi. Hii haifukuzwi kwa maombi wala kwa mganga. Ni hewa."

Mukarugwiza alishika ukingo wa meza.

"Niambie jambo moja. Mtu ameanguka shimoni. Mke wake anakimbia kumtoa. Inakuwaje?"

"Anakufa wa pili. Wengi hufa hivyo, wakifuatana kuokoana. Usimfuate. Piga kelele, ita watu, avutwe toka juu kwa kamba au kulabu."

"Na huyo mke akikamatwa nguo kwa nyuma, asishuke?"

Umutesi alimtazama. Hakujua habari za Karenzi, lakini aliona machozi.

"Basi aliyemkamata amemwokoa," alisema.

Mukarugwiza alikaa chini, palepale sakafuni, katikati ya watu. Alilia kwa sauti. Belise alimkumbatia. "Nilimuuma mkono," mama alisema. "Belise, nilimuuma mkono!"

Kesho yake alikwenda Rubona na mfuko wa plastiki... la, plastiki hairuhusiwi kwetu, nisije nikamsingizia. Alikwenda na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na kile kitenge.

Alimkuta Kaltumu bandarini, akianika sambaza. Nywele zilikuwa zimeota mvi. Kaltumu aliinua macho, akamwona, akayarudisha kwenye samaki wake.

"Shikamoo, dada," Mukarugwiza alisema, ingawa walikuwa marika.

Kaltumu aligeuza samaki mmoja mmoja.

"Kaltumu. Yaliyopita si ndwele..."

"Iko ndwele," Kaltumu alimkata. "Mi nilihama nyumba yangu. Mi niliitwa muchawi mbele ya batu. Iko ndwele, Mama Belise."

Mukarugwiza aliitikia kwa kichwa. Akatoa kitenge, akakikunjua juu ya chanja la samaki. Mpasuko ulianzia kiunoni mpaka chini.

Kaltumu aliinama kuutazama.

"Weye ni fundi," alisema. "Juu ya nini hukukishona?"

"Nilidhani kilichanwa na adui. Sikujua ni mkono ulioniokoa. Karenzi alidhani unasema mizuka, Kaltumu. Mimi nilidhani hivyo hivyo. Nisamehe."

"Mizuka?" Kaltumu alikunja uso. Kisha akaelewa. Akaweka mikono kichwani. "Eh, Mungu wangu! Kumbe ile siku alicheka mashetani? Mi nilizani amesikia! Ningerudilia. Ningemuambia mara mingi!"

"Najua."

"Nilikuwa namupenda bwana yako sawa ndugu."

"Najua. Na mimi nimekukumbuka mpaka nimechoka."

Kaltumu alipangusa macho kwa kiwiko, maana vidole vilinuka samaki. Halafu akachota sambaza, akajaza kikapu. Hakusema amesamehe. Alisema, "Ukifika nyumbani, kaanga haraka. Hawalali."

Mukarugwiza alikaanga siku ile ile. Alikula mpaka akaona haya mbele ya mwanawe. Kabla usiku haujaingia, kitenge kilikuwa kimeshonwa.

Juma lililofuata Mukarugwiza, Belise na majirani walizungushia shimo ukuta wa mawe hadi kifuani. Hawakulijaza, kwa kuwa Umutesi aliwaonya: kujaza mawe hakuzuii hewa, itatafuta njia nyingine. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa, alisimamisha kibao cha onyo. Mbuzi walihamishiwa juu. Jirani mmoja aliyekuwa akilala kwenye chumba cha chini ya ardhi alihama chumba. Mwingine aliuliza kama anaweza kupima shimo kwa mshumaa.

"Ukizimika, kimbia," Umutesi alijibu. "Lakini ukiwaka, hiyo si ruhusa ya kushuka. Usishuke, basi."

Siku ya sherehe ya miaka kumi ilifika. Watu walijaa, wa kijiji cha jirani cha Nyundo na wa mjini. Meza ya mazuku ilikuwa na wasimamizi wawili: Kaltumu akisema kwa Kiswahili chake, Mukarugwiza kwa chake, ili asibaki mtu wa kusikia nusu. Mukarugwiza alivaa kile kitenge. Mshono ulionekana, naye hakuuficha. Mara kwa mara alitazama mlangoni. Karenzi angependa mahali kama hapa. Angegusa kila kitu na kuimba juu yake. Hamu hiyo haikwisha, na sidhani kama itakwisha.

Mchana alifika kijana mmoja, mgeni wa Gisenyi, amehamia toka Tanzania juzijuzi. Alisoma kibao cha meza, akacheka.

"Mazuku? Mizuka, hiyo? Mama zangu, mimi siogopi mizuka!" Akageuka aende zake.

Wale wanawake wawili walitazamana. Mkono mmoja ulimkamata shati kushoto, mwingine kulia.

"Tulia hapa, mwanangu," Mukarugwiza alisema. "Hutoki mpaka uelewe."