Programu Iliyofanya Kazi Mara Moja

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, Kalina hakula chakula cha jioni nyumbani. Alitoka shule, akamaliza kazi zake za hesabu, kisha akafuatana na mama yake, Mirjana, mpaka ghorofa ya juu ya duka moja la vitabu mjini Niš. Huko ndiko walikokutana waandishi wa programu za kompyuta, na Mirjana alikuwa mmoja wao. Mtu mmoja au wawili walieleza walichotengeneza, wengine wakauliza maswali, halafu bureki, andazi la tabaka lenye jibini, ikakatwa.

Walikuwa na sharti moja. Aliyeleta programu aliiwasha pale pale, watu wakaiona ikifanya kazi. Ikigoma, imegoma. Mwenyewe atataniwa kidogo, basi.

Mwezi ule zamu ilikuwa ya Kalina, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu. Alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wazee dawa zao. Saa ya dawa ikifika, sauti inasema, "Bibi, dawa yako." Lakini nyumbani ilikuwa imefanya kazi sawasawa siku moja tu. Siku nyingine zote ilisema asubuhi, jioni ikanyamaza. Kalina alitafuta kosa, asilione. Kumuuliza Mama aliona haya, kwa kuwa alikwisha kujisifu kwamba imekamilika.

Basi akatumia hila. Ile siku moja alikuwa amerekodi video. Zamu yake ilipofika, akaionyesha video hiyo ukutani, huku vidole vyake vikigusagusa simu kana kwamba ndiyo inayosema.

"Bibi, dawa yako!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Mirjana, angalia! Huyu binti atakunyang'anya kazi!" mtu mmoja akatania.

"Aichukue, pamoja na bosi wangu," Mama akajibu, na watu wakacheka.

Kisha akaja Zarko, mwanamume mrefu mwenye ndevu, aliyefanya kazi ofisi moja na Mama, na ambaye Kalina alimwita mjomba kwa heshima tu.

"Kalina, hiyo naiomba. Mama yangu anakaa peke yake, ana presha, na kidonge cha jioni anakisahau. Kila jioni lazima nimpigie simu. Sasa kesho nasafiri kikazi."

"Bado nataka kuirekebisha kidogo, Mjomba Zarko."

"Urekebishe nini? Si tumeiona kwa macho yetu?"

Angeweza kusema ukweli wakati ule. Lakini Mama alikuwa akimtazama, uso umejaa furaha. Kalina akampa Zarko programu.

Ijumaa shuleni mwalimu alimwita mara mbili, hakusikia. Jumamosi jioni Mama alipika supu ya maharagwe anayoipenda Kalina, lakini Kalina akaigusa tu kwa kijiko. Kila alipotazama saa ya ukutani alijiuliza kama mama yake Zarko amekumbuka dawa mwenyewe.

"Unaumwa?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Nimeshiba."

Jumapili walikwenda kanisani. Kalina alinunua mshumaa amwombee mama yake Zarko. Pale mlangoni, mishumaa ya walio hai huwekwa juu, ya marehemu chini. Aliinua mkono kuuweka juu, na mara wazo likamjia: je, kama hayuko hai tena? Nta ya moto ikamdondokea kidoleni, wala hakuondoa mkono. Alijaribu kusali, maneno yakakataa. Atamwomba Mungu amlinde mtu ambaye yeye mwenyewe amemhatarisha?

Akamshika Mama mkono, akamvuta nje.

"Mama, ile programu haifanyi kazi. Mliona video. Jioni haisemi kitu."

Mama akatoa simu mkobani. "Zarko anajua?"

"Hajui."

Mama akampigia Zarko, simu haikupatikana. Nyumba ya mama yake aliijua, kwa kuwa walikuwa wakialikwa huko kila mwaka, siku ukoo wa Zarko ulipomsherehekea mtakatifu wake. Wakaenda mbio.

Bibi Stamenka, mama yake Zarko, alifungua mlango huku ameshika ukuta. Mezani palikuwa na glasi ya maji, vidonge, na simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari.

"Karibuni, wanangu. Ila msipige kelele, nasikiliza simu. Zarko kaniambia kile cha jioni nisimeze mpaka simu iseme, nisije nikameza mara mbili. Juzi nimengoja, jana nimengoja mpaka nikasinzia kwenye kiti. Leo kichwa kinazunguka."

"Na Zarko hukumwambia?" Mama akauliza.

"Nimwambie nini, aone nimezeeka? Asubuhi si inasema vizuri? Nikajua ni masikio yangu haya."

Kalina akapiga magoti mbele ya kile kiti. "Bibi, masikio yako hayana kosa. Kosa ni langu. Niliwadanganya watu."

Mama akampeleka Bibi hospitali. Daktari alimweka kitandani mpaka mchana, presha ikashuka, akarudi kwake salama.

Jioni ile Mama alimpa Kalina simu. "Mwambie Zarko mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Zarko alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia," akasema, akakata.

Mkutano uliofuata Kalina aliomba nafasi. Alisimama mbele.

"Mara iliyopita niliwaonyesha video. Programu yenyewe ni hii." Akaiwasha. Ilisema mara ya kwanza. Mara ya pili ikanyamaza. Hakuna aliyetania.

Zarko akainuka, akaja kukaa kando yake. "Fungua tuisome."

Waliisoma mstari kwa mstari. Kosa lilionekana: programu ikishasema mara moja, simu ikipumzika ili kuhifadhi chaji iliizima, wala haikuiwasha tena mpaka asubuhi. Wakalirekebisha, wakaiacha simu ipumzike, wakala bureki wakingoja.

"Bibi, dawa yako," simu ikasema. Wakaiacha tena, ikasema tena.

"Mjomba, nisamehe," Kalina akasema kwa sauti ndogo.

"Nilikasirika sana, sikufichi," Zarko alijibu. "Ila mama amekusamehe kabla yangu. Sasa nisikilize. Hatuji hapa kusifiwa. Tunakuja kuonyeshana makosa yetu kabla hayajamfikia mama wa mtu. Kitu kibovu ukionyesha kwamba ni kibovu, kitatengenezwa. Ukikificha, atakayekuja kukigundua ni yule anayekitegemea, na wakati huo yuko peke yake."

"Nimeelewa, Mjomba."

"Haya. Programu nitamwekea tena mama, na safari hii nitakaa naye wiki nzima niione inavyofanya kazi." Akachukua koti lake. "Na kumpigia kila jioni siachi. Kuacha kumpigia nako kulikuwa kosa, na ni langu mimi."