Kumgeuza Bibi Kashinje

Haya yalimpata rafiki yangu Bushra, mwanafunzi wa uuguzi, alipokuwa mafunzoni kwenye makao ya wazee karibu na Mlowo. Jioni moja ya mvua, miguu ikimuuma kwa uchovu, alikwenda kumgeuza Bibi Kashinje, aliyepooza. Umeme ukakatika kabla hajaingia chumbani. Aliposhika shuka la chini gizani, alisikia mtu akihema upande wa pili wa kitanda.

"Justina?" aliuliza, akidhani ni mwanafunzi mwenzake. "Haya, tuvute pamoja."

Shuka likavutwa. Wakamgeuza Bibi taratibu.

"Asante, dada. Nimechoka mno," Bushra alisema.

Umeme uliporudi, aliona upande ule kitanda kimegusa ukuta, hapapiti hata mkono. Na shuka lilikuwa bado linavutwa.