Mtani Hakasirikiwi

Unaisi aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kufa, na soko la Suva, mji mkuu wa Fiji, Jumamosi asubuhi si mahali pa mtu wa namna hiyo. Alikuwa akipenya kati ya mafungu ya mihogo amevaa gauni lake la maua mekundu, nanasi mkononi, alipozuiwa na kijana mrefu aliyefunga sulu ya kijivu kiunoni.

"Dada, kwenu wapi?"

Akamtajia kijiji chao, juu ya mto Rewa. Kijana akapiga makofi, akamnyang'anya nanasi na kulibana kwapani.

"Mimi wa kisiwani, kusini. Mtani wako! Hili nimechukua."

Moyo ulimlipuka kabla hajakumbuka. Watu wa kwao na watu wa kisiwa kile ni tauvu, watani tangu enzi za mababu. Mtani huchukua, hutukana, hucheka, nawe huombi kurudishiwa wala hukasiriki. Ukikasirika umeuaibisha ukoo mzima.

"Haya kula, njaa ya kwenu naijua," alisema kwa sauti ndogo.

"Kumbe ana ulimi! Naitwa Sakiusa, fundi umeme bandarini. Toa na namba ya simu, nayo nachukua."

Basi simu zikaanza, kila jioni.

"Umekula, kichwa boga?"

"Nimekula, sura ya kaa."

"Unaisi, nakupenda, ujue."

"Kampende kaa mwenzio."

Sakiusa alimwambia anampenda mara tatu kwa mwezi, na kila mara kwa kicheko kilekile cha kichwa boga. Unaisi alimpenda mpaka chakula hakipiti. Lakini neno la mtani utalipima kwa kibaba gani? Vipi kama angejibu "na mimi pia", kisha jamaa aangue kicheko? Akaendelea kumtania.

Jambo jingine alilomficha ni mtihani wake wa ualimu. Jumatano iliyofuata angefundisha darasa la nne mbele ya mkaguzi, Bi Prakash, somo la muundo wa sentensi ya Kiingereza. Mara ya kwanza alishikwa na kigugumizi, watoto wakacheka, sauti ikamkauka, akafelishwa. Mara ya tatu haikuwapo. Akishindwa tena, chuo cha ualimu basi. Alikuwa amekata kadi za rangi: nyekundu ya mtendaji, bluu ya kitendo, njano ya kinachotendwa. Alizitia kikapuni kama mayai.

Jumatano yenyewe, langoni mwa shule, akasikia, "Mtani! Kikapu hiki changu!" Sakiusa, ametoka kununua mkate, akakipokonya, akarukia lori la bandarini, akampungia mkono huku anacheka. Unaisi alikimbia hatua tatu. Neno "nirudishie" lilimfika kooni likakwama, kwa kuwa kwao halijapata kusemwa. Alipopiga simu haikupatikana. Fundi alikuwa tayari tumboni mwa meli.

Watoto thelathini na sita walimkodolea macho. Nyuma alikaa Bi Prakash na sari yake ya kijani, kalamu tayari. Mtoto mmoja akacheka chinichini. Bi Prakash akatazama saa.

"Timoci, simama," Unaisi akajikuta anasema. "Wewe ni mvulana. Anjali, wewe ni samaki. Mere, wewe ni 'anakula'. Haya, darasa, wapangeni kama sentensi ya Kiingereza."

Watoto wa Kifiji walimvuta Mere mbele kabisa, kwani katika lugha yao kitendo hutangulia. Watoto wa Kihindi wakamvutia mkiani, maana katika lugha ya nyumbani kwao kitendo hukaa mwisho.

"Mnanichana!" Mere akapiga kelele, na darasa zima likaangua kicheko.

Unaisi alifumba macho. Kicheko ni kilekile. Kisha akasikia kwamba safari hii hawamcheki yeye. Akaenda, akamshika Mere bega, akamsimamisha katikati.

"Mtendaji, kitendo, kinachotendwa. Sasa, samaki amle mvulana."

Anjali na Timoci walibadilishana nafasi kwa vifijo.

Kipindi kilipokwisha Bi Prakash alimwita pembeni. "Mpango wako unataja kadi. Ziko wapi?"

"Zimechukuliwa, madamu. Na mtani."

Bi Prakash alikuwa mzaliwa wa Suva, akaelewa. "Na huruhusiwi kukasirika?"

"Siruhusiwi."

"Umefaulu. Nenda kakasirike."

Jioni simu ikalia. "Mtani, nimekuta kadi zako za kitoto, nimecheka mpaka..."

"Usicheke! Ulikuwa mtihani wangu wa mwisho. Nimetetemeka nikadhani nitazimia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka. Hata ukisema unanipenda unacheka. Nimekasirika, Sakiusa. Umesikia? Nimekasirika."

Akakata, kisha hofu ikamvaa upya. Amesema lisilosemwa. Siku kumi na moja simu haikulia, na kila siku alijua kwamba amemfukuza mtu pekee aliyemtaka.

Jumapili baada ya kanisa, nyumba ya shangazi yake kule Nabua ikinukia majani ya dalo, magimbi ya kwao, katika tui, mbwa alibweka. Sakiusa aliingia na wazee wawili wa ukoo wake, sulu nyeusi, shati jeupe lililopigwa pasi.

"Wa kisiwani hao!" mjomba wa Unaisi akapaza sauti kutoka mkekani. "Ficheni sufuria!"

Nyumba ikacheka. Sakiusa hakucheka. Alipiga magoti, na kile alichoshika mikononi kikaonekana: tabua, jino la nyangumi la kutolea maombi mazito. Kicheko kikafa, maana tabua haitolewi kwa utani.

"Tumekuja kuomba radhi," mzee akasema. Mjomba alilipokea jino. Ndipo mzee akatoa la pili. "Na hili ni la kumposa binti."

Mjomba akageuka. "Unaisi, huyu tumpe, au tumfukuze?"

Macho yote yakamwangukia, kama mbele ya lile darasa. Sakiusa aliinua uso. Unaisi akaiona hofu ile na kuitambua mara moja, kwa kuwa ameishi nayo maisha yake yote: mtu huyu anaogopa kuchekwa. Angeweza kucheka. Mila inamruhusu, na Sakiusa angeondoka na asingerudi.

"Mpeni," alisema. Sauti ilitetemeka, lakini ilifika. "Sitanii, mjomba."