Kinanda Kisicho na Sauti Yake

Kinanda kililia saa saba mchana, siku ambayo Tunduma nzima haikuwa na umeme. Kililia noti moja tu, nyembamba, kama mtu anayejaribu koo kabla ya kuimba. Ruti aliacha ungo wa maharage jikoni, akaenda kuchungulia kile chumba ambacho mumewe alikiita studio. Kinanda kilikuwa mezani, waya wake umeviringishwa pembeni, hakijachomekwa popote.

"Panya," alijiambia. Mtu mwenye akili zake akisikia ajabu mchana kweupe, humsingizia panya kwanza.

Walikinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ruti alitaka kile kikubwa chenye spika zake, mtaa mzima usikie. Lwitiko, mumewe, mpiga kinanda wa kwaya, akachagua hiki cheusi chembamba ambacho peke yake hakitoi hata mlio. Unakiunganisha na kompyuta, programu ndiyo inakipa sauti ya piano au filimbi, nawe unasikiliza kwenye hedifoni. Kwa nyumba iliyo jirani na foleni ya malori, alisema, ndicho chenyewe. Maikrofoni ililipiwa na mahindi ya Ruti kutoka shamba la baba yake Itumba, na Lwitiko akamwapia mkewe pale pale dukani: "Mama Eva, wimbo wa kwanza ni wako."

Muuzaji, mzee wa Kibemba, alikuwa anafunga boksi. "Bayama," alimwambia Lwitiko, yaani shemeji, kwa adabu ya kwao, "hiki hakina sauti yake, mukwai. Msikiweke siku nyingi bila kukipa. Kitatafuta."

Wakacheka, wakidhani ni maneno ya biashara. Kompyuta ikachelewa wiki tano, na wiki zote hizo kinanda kilikaa mezani bubu, ila ile noti moja ya siku isiyo na umeme.

Ilipofika, Lwitiko alibandika trei za mayai ukutani, akatundika blanketi mlangoni, halafu akamwita Tabita.

Tabita alikuwa binti wa Ivuna aliyekuja kusuka nywele saluni, na kwenye kwaya hakuwa na miezi miwili. Ruti alikuwa ameimbisha miaka kumi na mmoja.

"Pasaka imekaribia," Lwitiko alisema bila kumtazama. "Tuanze na Tabita. Sauti yako imechoka kidogo, ipumzike kwanza."

Imechoka! Ruti alilirudia neno lile kimoyomoyo. Aliona wivu, tena wivu mkali, na hakuna haja ya kuupaka asali. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akawaona kwa upenyo wa blanketi: mumewe na hedifoni, binti na hedifoni, wanatabasamiana. Vidole vya Lwitiko vilikimbia juu ya kinanda na Ruti hakusikia kitu, ila tok, tok, tok ya plastiki. Watu wawili walikuwa wanasikia wimbo ndani ya nyumba yake, na mwenye nyumba hasikii.

Kesho yake mchana Lwitiko alikuwa kazini. Kinanda kikalia tena. Safari hii Ruti hakumsingizia panya. Aliinua blanketi akaingia, na kilichompokea kwanza ni harufu, harufu ya kinywa kilichofungwa siku nyingi, ikitoka mezani, na alipotaka kurudi nyuma akaona kibonye kimoja kinashuka chenyewe, kisha cha pili, kisha vitano kwa pamoja kama vinakanyagwa na mkono asiouona, na waya umeviringishwa tena pembeni, na kati ya mlio na mlio kikapita kitu kama pumzi, kikatafuta neno, kikalipata.

"Nipe."

Angekimbia. Angelitaja jina la Yesu, ambalo alikuwa akiliimba kila Jumapili. Badala yake alisogea, akanong'ona, "Chukua sauti ya Tabita. Yangu niachie."

Jumapili, Tabita alisimama mbele ya kanisa, akafungua kinywa, na hapakutoka kitu. Hospitali wakasema koo ni zima.

Jioni hiyo Lwitiko alivaa hedifoni na hakuzivua. Alisikiliza Jumatatu, akasikiliza Jumanne, ugali ukawa unapoa mlangoni. Usiku mmoja aliposinzia, Ruti alizitoa kichwani mwake, akazisogeza sikioni. Alikuwa Tabita, anaimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba, nyimbo ambazo hakuna aliyemrekodi akiziimba. Ruti alikuwa amemtoa mwizi uani akamwingiza chumbani.

Akampigia shangazi yake, Tusekile, mzee wa kanisa kule Itumba, ambaye watu humpelekea wagonjwa wa mapepo. Shangazi alifika na Biblia kwenye kikapu. Hakumsalimia hata Lwitiko. Alisimama mlangoni mwa studio, akanusa, akamvuta Ruti jikoni.

"Nani alikipa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Ruti akainamisha kichwa.

"Mwanangu, hiki hakikuiba. Kilipewa."

"Mimi, shangazi. Ni mimi. Tukichome moto."

"Ukikichoma, umechoma sauti ya mtoto wa watu. Na kukaa kitupu hakiwezi. Ukitaka ya binti irudi, lazima iwekwe nyingine."

"Ya nani?"

Shangazi akamgusa kooni kwa kidole kimoja.

Mtu angependa kusema Ruti alifanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo, kwa maana Tabita alikuja na daftari, akaandika, *Mama Eva niombee*, na Ruti akalia. Lakini kilichomwinua kwenye kigoda ni kingine. Alimsikia mumewe akiiambia ile sauti, polepole, "Endelea, usiniache." Miaka yote kumi na mmoja ya kuimba naye hakuwahi kuambiwa hivyo. Akawaza, kama anapenda kilicho humo, basi niwe mimi. Akaingia; Lwitiko alikuwa amefumba macho, hedifoni masikioni, hakumwona. Shangazi alikuwa anasali nyuma ya blanketi, na Ruti akainamisha kinywa juu ya vile vibonye.

Pasaka, Tabita aliimba hadi wazee wakasimama. Ruti alikaa benchi la nyuma, midomo imefumbwa.

Aliporudi nyumbani alimkuta Lwitiko mezani, hedifoni masikioni, machozi yanamtiririka.

"Mke wangu!" aliita bila kugeuka. "Njoo usikie unavyoimba! Mbona sikuwahi kukusikia?"

Ruti akasimama nyuma yake. Waya wa hedifoni ulikuwa unaning'inia chini ya meza, haujachomekwa popote. Akamwekea mkono begani, akafungua kinywa kwa nguvu zake zote, na Lwitiko akautoa ule mkono taratibu, kama mtu anayeondoa mtoto msumbufu.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Nasikiliza."